Sufuria ya Mama Ilivyobaki Goma

Haya, mashoga zangu, nimekaa chini niandike, maana nimechoka kusimulia habari moja mara kumi. Tangu nirudi, hakuna anayenipa hata pole ya safari. La kwanza ni "Mwajuma, sufuria iko wapi?" Bi Saada amefikia hadi kuchungulia chini ya kitanda changu, akidhani sikumwona. Nawaelewa. Sufuria ile ya shaba ni ya marehemu mama, lakini tangu afariki imekuwa yetu sote, na hakuna harusi wala matanga ya mtaa huu wa Ujiji ambayo haikupandishwa mekoni. Tena ni mimi niliyeishika masikio mbele yenu nikaapa kwamba itarudi kabla ya harusi ya Shani, na nikifa itarudi peke yake. Sasa sijafa, na haikurudi. Someni mpaka mwisho, ndipo mnitukane.

Sababu ya kuibeba mnaijua. Furaha, binti wa marehemu kaka yangu Ramadhani, yule dereva wa malori aliyeoa Goma akalowea huko, alileta barua kwamba anaolewa. Alisema volkano imekula nyumba, masanduku na nguo, mpaka picha za baba yake zote. Hakuomba kitu ila kimoja: shangazi aje ampikie wali wa harusi kwenye sufuria ya bibi, kama walivyopikiwa mabinti wote wa ukoo. Nikamjibu kwamba nakuja, na asitume mtu kunipokea, kwa sababu Goma naijua. Nilikuwa nimefika mara moja, kabla ya vita ya kwanza. Kujisifu kwangu huko ndiko kulikonitia matatani.

Ujiji mpaka mpakani

Niliijaza sufuria mchele, iliki, mdalasini na tende, nikaifunga kifuniko kwa kamba, nikaivika gunia. Kondakta wa basi alitaka ipande juu ya keria. Nikamwambia ikipanda nami napanda. Sufuria ikakaa katikati, kwenye njia ya kupitia, na mpaka tunafika Kasulu wazee wawili walikuwa wanagombania kuikalia.

Mbele ya Kibondo basi likakatika springi, tukashinda porini tangu asubuhi mpaka alasiri. Watu walikuwa na njaa. Mama mmoja mwenye mapacha akatazama sufuria, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba kuni zipo na maji ya mto yapo. Nikamkatalia. Nikasema mchele huu ni wa harusi na sufuria hii haipikiwi njiani. Akaitikia "sawa, dada," akaenda kuwatafutia wanawe mahindi. Nawaambia ukweli, niliona aibu, lakini sikubadilisha neno. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Siku ya tatu nikafika mpakani, upande wa Gisenyi. Habari za mihuri na karatasi siwachoshi nazo. Ila nilibishana na mtu mzima kuhusu saa, mimi nasema saa saba, yeye anasema saa sita, mpaka akanionyesha saa ya ukutani. Kumbe wao wako nyuma yetu kwa saa nzima. Nikafurahi nimerudishiwa saa moja ya maisha yangu, na nikaipoteza yote palepale kwenye mstari wa wavukaji.

Birere

Nilivuka kwa miguu, sufuria kichwani, nikaingia Birere, mtaa wa biashara unaogusana na mpaka. Ilikuwa Alhamisi mchana na harusi ni Jumamosi. Mji siku hizi uko mikononi mwa waasi. Askari vijana wenye mabuti ya mpira walisimama kwenye njia panda, na watu wakiwapita kama mnavyopita mbuzi wa jirani, kwa jicho moja. Huko wanasema "vita ya kwanza" na "vita ya pili" kama sisi tunavyosema masika na vuli.

Lakini biashara, jamani! Vitenge, maharage, jibini za duara, sabuni, viatu vya mguu mmoja vinavyomsubiri mwenzake. Mama Kavira, muuza maharage kutoka Butembo, aliniona nimesimama nahema akanivutia kigoda. Alikuwa anakula, na kwao anayekula hamwachi mwenzake anatazama tu. Bugali moto, ndiyo ugali wao, na sombe, kisamvu chao, iliyotwangwa ikalainika, na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa lao, na pilipili iliyonitoa machozi. Mnajua mimi na dagaa wetu wa Kigoma, sikubali walinganishwe na kitu. Siku ile nilinyamaza nikala.

Mama Kavira, msalaba shingoni, alinisikiliza habari yote ya harusi, kisha akauliza ninaenda fasi gani. Nikasema Majengo. Akasema nichukue mtu wa kunipeleka, mji umebadilika. Nikasema naijua njia: unapanda na barabara kubwa, kwenye kituo cha mafuta unakata kulia, msikiti mdogo kushoto, kisha mparachichi, na nyumba ni hiyo. Akanitazama, akatabasamu, akaniongezea sambaza. Angekuwa mwanamke wa Ujiji angenicheka palepale.

Pikipiki zote zilikataa sufuria. Aliyekubali ni Papa Bahati, mtu mzima mwenye chukudu, ule mkokoteni wao wa mbao wa magurudumu mawili ambao mtu anausukuma kwa mguu mmoja. Kazi yake ni kushusha makaa kutoka Kibati, kijiji cha juu ya mji. Akaifunga sufuria kwa mpira, akaniambia yeye anasukuma, mimi nionyeshe njia.

Kutafuta Majengo

Tukaanza kupanda. Nikaona barabara imekuwa nyeusi, kisha mtaa umekuwa mweusi, kisha kila kitu ni mawe meusi yenye meno, mpaka viatu vyangu vya Idi vikafunguka midomo. Juu ya mawe yale watu wamejenga vibanda vya mbao, wanaanika nguo, wanakaanga mandazi. Nikaona dirisha liko usawa wa magoti yangu. Nikainama, nikakuta ni dirisha la ghorofa, na chini yake nyumba yote imezikwa.

Nikamwambia Papa Bahati tukifika kituo cha mafuta tukate kulia. Akasimamisha chukudu.

"Mama, ile stasio iko chini ya miguu yako."

Nikatazama chini. Mawe. Nikamuuliza mwanamke aliyekuwa anapepeta mchele, akaniambia nifuate mpaka palipokuwa na duka la dawa, halafu nishuke palipokuwa na shule. Wote wanaelekezana hivyo. Mji wao wanao vichwani, na wanautembea huo, si huu wa juu. Sisi wawili tukazunguka. Papa Bahati naye ni mtu wa Kibati, Majengo ya zamani hakuyajua sana. Tulipita kibanda kimoja cha bati la bluu mara tatu, nami nang'ang'ania kutafuta mparachichi. Jua likawa kali. Hatimaye nikakaa kwenye jiwe nikasema sisogei.

Mnanijua, njaa ikikutana na hasira mimi si mtu. Nikateremsha sufuria, nikaivua gunia, nikafungua kifuniko nitoe tende. Papa Bahati nikampa zake. Nikawa natafuna na kujilaumu, kwamba nimekuja nchi za watu na mali ya mama na amana ya mtaa, na binti wa kaka yangu ataolewa bila wali kwa sababu ya mdomo wangu.

Mstari

Akaja mama mmoja na bakuli la plastiki. Akanisalimia vizuri, akasimama hatua mbili mbele yangu. Nikaitikia. Akaja wa pili, akasimama nyuma yake. Nikadhani wanapumzika. Nilipoinua tena kichwa walikuwa kumi, kisha thelathini, wametulia, kila mtu na chombo chake, na mstari unazunguka kile kibanda cha bati la bluu na kupotea nyuma yake. Mwanamke mmoja mnene, Mama Sifa, alianza kuwapanga bila kuombwa na mtu, wazee mbele, wenye watoto wanafuata. Askari mmoja kijana akachomoka pembeni na kopo lake. Mama Sifa akamshika bega akamgeuza.

"Hata weye. Nyuma."

Akaenda nyuma, na bunduki yake mgongoni.

Nikamnong'oneza Papa Bahati, hawa wanangoja nini? Akawa anaangalia viatu vyake. Akanieleza kwamba baada ya volkano, kwa miezi, wageni walikuwa wanakuja na masufuria makubwa, wanakaa nyuma yake, na aliyewahi ndiye aliyekula. Basi mtu wa Goma akiona sufuria kubwa wazi na mgeni amekaa nyuma yake, haulizi. Anakwenda kuchukua bakuli.

Nilisimama niwafukuze. Wallahi, maneno yalikuwa mdomoni. Lakini wa kwanza mbele yangu alikuwa sasa mzee mmoja, ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili, na nikamkumbuka yule mama wa mapacha kule porini aliyesema "sawa, dada." Nikaona haya mpaka masikio yakapata moto.

Nikawaambia ukweli. Kwamba mimi si mgawaji wa kitu, ni shangazi mtu, nimetoka Ujiji na mchele wa harusi, natafuta nyumba ya Furaha wa Ramadhani dereva, na nimepotea kwa kiburi changu. Nilingoja matusi. Mama Sifa ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akamshikilia yule mzee asianguke, na mstari mzima ukaitika. Kisha akapaza sauti kuuliza nani anamujua Furaha wa Ramazani dereva. Swali likashika mstari, kinywa mpaka kinywa, nikalisikia linaondoka, linazunguka kibanda, linafifia.

Halafu nyuma ya kibanda mstari ukafunguka, akaja mwanamke mwembamba anatembea polepole, mkono mmoja chini ya kanga. Sikumtambua mpaka alipokuwa karibu. Alikuwa wifi yangu Amina, mjane wa kaka. Mwanamke aliyenipokea mara ya kwanza kwa mboga tatu kila mlo, aliyekuwa akikasirika mgeni akiacha chakula. Na chini ya kanga alikuwa ameficha bakuli.

"Wifi," akasema, "nilikuja kuangalia tu."

"Na mimi nilikuja kupika tu," nikamjibu.

Tukashikana, tukalia, na wale watu wakatupigia makofi. Nilipofuta macho na kuuona mstari bado umesimama, moyo ukanijaa, nikasema kwa sauti kubwa kwamba Jumamosi waje wote, na mabakuli yao. Amina akanifinya mkono. Nilikuwa nimeshasema.

Harusi juu ya jiko la zamani

Nyumba yao ya mbao ilikuwa hatua chache tu nyuma ya lile bati la bluu. Mparachichi uliungua siku ileile ya moto. Nikamuuliza Amina walijuaje kwamba hapa ndipo kiwanja chao, na yote ni mawe tu. Akacheka. Mawe yalipopoa, majirani walirudi na kamba. Ukuta mmoja wa msikiti ulikuwa umebaki unachungulia, wakapimia hapo: kutoka msikitini mpaka kwa fulani hatua ishirini, kutoka mlango wake mpaka ukuta wangu hatua kumi na nne. Na waliokumbuka vizuri kuliko wote ni wale waliokuwa wakigombania mipaka miaka yote. Kumbe ugomvi nao ni daftari.

Furaha alirudi jioni ile kutoka kupakwa hina, akaniamkia, akanibusu mikono. Kisha akaiona sufuria. Akaizunguka, akapapasa ubavuni mpaka akalipata lile bonde, pale shaba ilipobonyea, akaingiza kidole. Nyote mnalijua bonde lile. Ni kaka yangu aliyelitia, alipokuwa na miaka saba, aliposhuka nayo mteremko wa ziwani amekaa ndani anapiga honi kwa mdomo. Alipigwa siku hiyo, na akawa dereva hata hivyo.

"Papa alinielezea," Furaha akasema, na kidole hakukitoa.

Jumamosi tulipika juu ya jiko lao la zamani hasa. Amina alisimama akahesabu hatua kutoka mlangoni, akasema hapa, chini yetu ndipo lilipokuwa jiko ambalo kaka yangu alikuwa akipashia chai yake. Tukapanga mafiga matatu ya mawe ya palepale.

Nilikuwa nimefanya hesabu zangu kwa siri na nilijua mchele hautoshi hata robo ya mstari ule. Sikulala vizuri. Basi wakaja, na mabakuli yao, kama nilivyosema. Ila hayakuwa matupu. Hili lina maharage, lile sombe, lile viazi. Mama Kavira alipanda kutoka Birere na kapu la sambaza, akasema alitaka kuona kama niliuona mparachichi. Papa Bahati alileta makaa. Yule askari alileta kuku, na sikumuuliza alikomtoa. Mama Sifa akawapanga mstari, safari hii wa kuleta. Tulipika wali mara mbili, na mara ya tatu tukapika kila kitu pamoja, wala sijui chakula kile kinaitwaje, lakini kililambwa. Nilimlisha Furaha tonge la kwanza kwa mkono wangu, kama mama alivyonilisha mimi. Shekhe alikula, na bwana harusi, fundi seremala mpole wa watu, alikula akarudia. Nilicheza mpaka kiatu kimoja kikaisha kabisa.

Katoyi, Munigi, Kibati

Nilikusudia kuondoka Jumatatu. Jumapili asubuhi sufuria haipo. Amina akasema kwa upole kwamba imeazimwa kidogo, Katoyi, kuna ubatizo. Nikavaa kandambili za Amina nikaifuata. Huko ni upande ambao moto haukufika, kuna miti na nyua za maua, na familia moja ya watu wa Butembo ilikuwa inapikia wageni wa ubatizo kwenye sufuria ya Waislamu wa Ujiji bila wasiwasi wowote. Wakanikalisha meza kuu. Nilikula mpaka nikasahau kilichonileta, nikarudi mikono mitupu.

Jumanne ikawa Munigi, juu ya mji, kwenye matanga. Kwenye matanga mtu hadai sufuria; nikakaa chini nikalia na wenye kulia, nikamenya viazi. Alhamisi ikawa kwingine. Nilikuwa naizunguka Goma nzima nyuma ya sufuria, mtaa kwa mtaa, na kila mtaa unanilisha, watu wakaanza kuniita Mama Sufuria. Sijawahi kuujua mji wowote hivyo. Taratibu nikaelewa nilichokuwa nashindwa kukiona kwa sababu ya kula: nyumba nyingi zilikuwa bado zinapikia kwenye makopo ya mafuta. Masufuria yao makubwa yapo, yako chini, pamoja na majiko.

Niliikamata Kibati, siku ya kumi na mbili, kwa Papa Bahati mwenyewe. Walikuwa wanaezeka nyumba ya jirani na wamepika maharage ya mafundi. Nikangoja waishe, nikaisugua kwa majivu mpaka ikawaka, nikamwambia anishushe nayo moja kwa moja mpakani. Akaifunga kwenye chukudu. Tulipita Majengo nimuage Furaha.

Alikuwa mlangoni. Hakuniomba kitu, na hilo ndilo lililonimaliza. Angeomba ningekataa, mnanijua, ningetaja Shani, ningetaja kiapo. Alinikumbatia, akanishukuru, kisha akaenda pale kwenye chukudu kuiaga sufuria. Kidole chake kikaenda kwenye bonde peke yake, kama mtu anayeshika mkono wa mtu. Picha zimeungua, lori lilichukuliwa vitani, kaburi la kaka yangu liko chini ya mawe na hakuna kamba iliyolipima. Kilichobaki duniani cha baba yake ni lile bonde.

"Papa Bahati," nikasema, "ifungue."

Kurudi

Basi ndiyo hivyo. Niliapa kwenu, na nimevunja. Sikuwauliza kwa sababu mlikuwa mbali, na kwa sababu niliogopa mtakataa. Kama mnataka niikokote tena, nitapanda basi kesho, lakini nanyi mje tuishike pamoja, mmoja amtoe Furaha kidole kwenye bonde.

Sikurudi mikono mitupu. Furaha aliniomba ningoje, akaingia uani, akatoka na mafiga yake ya harusi, moja moja, bado yana masizi. Nikayatia ndani ya lile gunia. Kwenye basi la kurudi nikakuta kondakta yuleyule. Akafungua gunia, akanitazama.

"Mama, umekwenda na sufuria, umerudi na mawe?"

Nikamwambia aendeshe mambo yake. Safari hii basi halikuharibika, na nilisikitika kidogo, maana nilikuwa na viazi vya Kibati na nilikuwa nimeamua, likiharibika tu, nitawapikia wote.

Shani mwanangu, harusi yako itapikwa. Sufuria tutaazima mtaa wa Kasingirima, nimeshauliza. Na wewe Bi Saada, acha kuchungulia chini ya kitanda. Mafiga yako nyuma ya mlango, matatu, meusi, yametoka juu ya jiko la kaka yangu. Njoo uyashike.